Kurudi na Kurudiwa: Filamu ya Mwanandondi Aliyechuja Isomwapo Kutoka Eastlands

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msuko wa filamu inayomhusu mwanamichezo aliyechuja na anayetaka kurejea katika hadhi yake ya zamani. Filamu mbili za Marekani, Fat City (1972) na The Wrestler (2008), zinasomwa kwa kuongozwa na maana tatu za kitenzi cha Kiswahili kurudi, kisha zinapimwa kwa historia ya ndondi za Kenya na ya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Hoja yetu ni kwamba msuko huu, katika umbo lake lililozoeleka, huifanya nia ya mtu mmoja kuwa chanzo cha kuinuka kwake, na kwa hiyo huzificha asasi zilizomlea, zikamtumia na kumwacha. Tunapendekeza kwamba drama ya filamu itakayoandikwa juu ya Eastlands itafute kitovu chake kwingine.

1.0 Utangulizi

Filamu za Nairobi zilizotazamwa zaidi katika karne hii zimependa kusimulia habari za kuja. Katika Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, kijana Mwas anatoka mashambani na kuingia jijini akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji. Jiji linamvua alichokuja nacho na kumvika uhalifu. Msuko huu una mizizi katika riwaya. Meja Mwangi aliufuata katika Kill Me Quick (1973), ambamo vijana wawili waliosoma wanaangukia mapipa ya taka. Habari za kurudi ni chache. Hata hivyo Mwangi aliigusa hali inayokaribiana nazo katika Going Down River Road (1976): Ben, aliyekuwa ofisa wa jeshi, amekuwa kibarua wa ujenzi, na riwaya nzima inaenda na mtu ambaye kilele cha maisha yake kimekwisha kupita.

Pengo hili linashangaza kwa sababu mitaa ya Eastlands haijakosa watu waliopita kileleni. Kuanzia Pumwani na Muthurwa hadi Kaloleni na Kariobangi, kumbi za jamii zimekuwa shule za ndondi kwa vizazi kadhaa. Kila ukumbi una wanafunzi wake wa leo na mabingwa wake wa jana, na mara nyingi hao wawili huonana kila jioni. Swali linalotushughulisha si kwa nini filamu hiyo haijachukua nafasi yake katika sinema yetu. Tunauliza kama umbo tunaloazimwa na Marekani linaweza kuibeba habari hiyo bila kuipotosha.

2.0 Neno na Msuko

Mhakiki anayetumia Kiswahili ana zana ambayo lugha imempa. Kitenzi kurudi kina maana zaidi ya moja. Maana ya kwanza ni kurejea mahali ulipotoka. Ya pili huhusu nguo: nguo iliyofuliwa ikapungua kimo husemwa kuwa imerudi. Ya tatu ni kuadibu, kama mzazi anavyomrudi mtoto aliyekosa. Kwa upande mwingine, neno tunalotumia kwa mtu ambaye umaarufu wake umefifia, kuchuja, nalo ni la nguo: rangi imetoka. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayesema kwamba bondia aliyechuja amerudi ulingoni amekwisha kutaja kitambaa mara mbili, hata kama hakukusudia. Bondia huyo amepoteza rangi, na yawezekana amepungua kimo.

Umbo la kawaida la filamu hizi hushika maana ya kwanza pekee. Rocky (1976) ndiyo kielelezo, ingawa kwa hakika Rocky Balboa harejei popote kwani hajawahi kufika. Bingwa, Apollo Creed, amekosa mpinzani na anahitaji jina litakalouza tiketi. Anamchagua mtu wa mtaani Philadelphia. Rocky anajifua, anapigana raundi zote kumi na tano, anashindwa kwa pointi, na mtazamaji anatoka akiamini kwamba nia imeshinda. Lakini tukifuata mfuatano wa visababishi, nia ya Rocky inakuja baadaye. Mlango ulifunguliwa na haja ya biashara. Bila haja hiyo, Rocky angeendelea kukusanya madeni ya mkopeshaji. Filamu inalionyesha jambo hili wazi, kisha inalisahaulisha kwa muziki na ngazi za jumba la makumbusho.

Usahaulifu huo ndio itikadi ya umbo lenyewe. Mtu akiinuka, ni kwa bidii yake. Asipoinuka, basi bidii yake ilipungua. Mtazamaji wa Makongeni au Dandora anayeipokea kauli hiyo hupokea pamoja nayo hukumu juu ya majirani zake.

3.0 Fat City: Nguo Iliyorudi

John Huston aliitengeneza Fat City kutokana na riwaya ya Leonard Gardner iliyotoka mwaka 1969. Mandhari ni Stockton, California, mji wa mashamba na hoteli za bei rahisi. Billy Tully, anayeigizwa na Stacy Keach, anakaribia miaka thelathini na amekwisha kuwa mzee wa kazi yake. Ernie Munger, anayeigizwa na Jeff Bridges, ana miaka kumi na minane. Tully anamwona kijana huyu akijizoeza, anamsifu, na kumwelekeza kwa Ruben, meneja wake wa zamani. Kisha sifa alizompa kijana zinamrudia mwenyewe: kama yule anaweza, huenda mimi pia naweza.

Kati ya ndoto na ulingo, Huston anaweka vibarua. Tully anapanda basi alfajiri pamoja na Wamarekani weusi na Wameksiko kwenda kuvuna mazao mashambani. Kamera haifanyi haraka. Migongo iliyoinama tunaiona kwa muda mrefu kuliko tunavyoona ngumi. Hapa ndipo filamu inapomkaribia Ben wa Mwangi: mwili uliofunzwa ufundi mmoja unauzwa kwa siku, kwa bei ya mwili usiofunzwa lolote.

Pigano la marejeo ni dhidi ya Lucero, mkongwe kutoka Meksiko. Kabla ya pigano tunamwona Lucero peke yake msalani, akikojoa damu. Hakuna anayejua isipokuwa sisi. Tangu hapo hatuwezi kumshangilia Tully kwa moyo mweupe, kwa kuwa tunajua anampiga mgonjwa aliyepanda basi kuja kutafuta ujira kama yeye. Tully anashinda, lakini amepigwa hata hajui kwamba ameshinda, inabidi aambiwe. Baada ya makato ya Ruben anapewa dola 100. Lucero anatoka peke yake, amevaa suti yake nadhifu, huku taa za jengo zikizimwa.

Hii ndiyo maana ya pili ya kurudi. Tully amevaa tena vazi lake la zamani, lakini limepungua. Ushindi alioutafuta umetimia, na bado haumtoshi. Katika tanzia ya Aristotle anguko hutokana na kosa la mhusika mwenye cheo. Tully hana cheo cha kuangukia, na makosa yake, ulevi na kumlaumu kila mtu, ni madogo mno kuweza kueleza hali yake. Huston anakataa kutupa sababu moja. Anatuonyesha mji ambao kila mtu ndani yake amepungua kimo, kisha anamweka Tully mbele ya kahawa pamoja na Ernie, akimtazama mzee anayewahudumia na kujiuliza kama aliwahi kuwa kijana. Sauti za ukumbi zinakoma kwa muda mfupi. Hakuna anayejifunza kitu.

4.0 The Wrestler: Hadhira Inayorudiwa

Filamu ya Darren Aronofsky, iliyoshinda Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 2008, inakwenda hatua nyingine. Randy 'The Ram' Robinson, anayeigizwa na Mickey Rourke, alikuwa nyota wa miereka katika miaka ya 1980. Sifa zake tunazijua kwa mabango na sauti za watangazaji mwanzoni. Kisha tunaruka miaka ishirini na kumkuta ameketi katika darasa la watoto wadogo, akikohoa, baada ya pambano la pesa ndogo. Aronofsky hatuonyeshi enzi ile. Anatuonyesha mabaki yake. Randy anacheza mchezo wa zamani wa video ambamo yeye mwenyewe ni mhusika, na mtoto wa jirani anayecheza naye anachoka, akitamani mchezo mpya zaidi.

Baada ya pambano la waya na misumari Randy anapata mshtuko wa moyo. Daktari anamkataza kurudi ulingoni. Anajaribu njia mbili za maisha ya kawaida: kumrejea binti aliyemtelekeza, na kazi katika kaunta ya vyakula ya supamaketi. Zote zinavunjika, ya kwanza kwa uzembe wake, ya pili pale mteja anapomtambua. Jambo hili la pili linastahili kuangaliwa kwa makini. Kinachomfukuza Randy kwenye maisha salama ni kutambuliwa. Angeweza kukata nyama kama mtu asiye na jina. Hawezi kuikata akiwa The Ram.

Katika pambano la mwisho, mpinzani wake, ambaye siku hizi ni muuza magari, anaona kwamba Randy anaumwa na kumnong'oneza amalize mchezo. Mpinzani ndiye mwenye huruma. Umati ndio usiokuwa nayo, kwa kuwa hauelewi unachokitazama. Randy anapanda kamba, anaruka, na skrini inakuwa nyeusi. Sisi tulioketi mbele ya skrini tumekuwa tukitaka aruke. Filamu nzima imetufunza kutaka hivyo. Giza lile ndilo maana ya tatu ya kurudi: hadhira inarudiwa, yaani inaadibiwa, kwa kukosa picha ya matokeo ya matakwa yake.

Hata hivyo, Aronofsky naye ana mpaka wake. Anatuadibu kama watazamaji, lakini hatuambii kwa nini mtu aliyejaza kumbi kwa miaka hana bima wala kiinua mgongo. Jambo hilo limo katika filamu kama hali ya hewa: lipo, haliulizwi.

5.0 Mabingwa Wasioingia katika Msuko

Tukileta umbo hili Kenya, linagongana na historia mara moja. Tuanze na Stephen Muchoki. Alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974 na tena Edmonton mwaka 1978, na mwaka huohuo wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade katika uzani mwepesi kabisa. Mtu wa rekodi hii angetarajiwa kuwa na hadithi ya Olimpiki. Hana, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980. Alipogeukia ndondi za kulipwa na kupata nafasi ya kugombea taji la dunia mwaka 1982, alishindwa na Santos Laciar wa Argentina mjini Copenhagen.

Filamu ya marejeo hudai kosa la mhusika: pombe, kiburi, usaliti wa kocha. Muchoki aliyakosa mashindano mawili makubwa ya ujana wake kwa uamuzi uliofanywa juu ya kichwa chake. Sababu za kususia, hasa ile ya 1976 iliyohusu ushirikiano wa michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi, zinaweza kutetewa kwa nguvu, na sisi tunaitetea hiyo ya 1976. Lakini kuitetea hakufuti gharama wala hakusemi nani aliyelipa. Msuko unaojua kosa la mtu binafsi tu hauna pa kuiweka gharama ya aina hii.

Robert Wangila ni mfano mgumu zaidi. Mwaka 1988 mjini Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta, na hadi sasa dhahabu hiyo ni ya pekee ya Kenya katika Olimpiki nje ya riadha. Alikwenda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Mwezi Julai 1994, mjini Las Vegas, pambano lake na David Gonzales lilisimamishwa na mwamuzi katika raundi ya tisa. Wangila alipinga kusimamishwa huko. Baadaye alizimia, na baada ya siku mbili akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Mhakiki hana budi kusimama penye pingamizi ile. Katika sarufi ya filamu hizi, mwamuzi anayetaka kusimamisha pambano ni kizuizi, na bondia anayekataa kusimamishwa ni shujaa. Tumefunzwa kulishangilia tendo hilo. Katika kumbi za video za Nairobi, ambako wasimulizi kama DJ Afro wamezigeuza filamu za kigeni kuwa simulizi hai ya Kiswahili na Sheng, kuna kanuni inayojulikana na kila mtoto: stelingi hafi. Kanuni hiyo ina raha yake, wala hatuidharau, kwani watu wanaoamka alfajiri kutafuta kibarua wana haki ya saa mbili ambamo mtu wao hashindwi. Lakini kisa cha Wangila kinaonyesha kwamba ushujaa wa kukataa kusimamishwa na hatari ya kifo vinaweza kuwa katika tendo moja, na kwamba mwamuzi anaweza kuwa ndiye mtu pekee ulingoni aliye upande wa bondia. Filamu itakayomhusu mwanandondi wa Kenya na isiyolijua hilo itakuwa imemsahau marehemu.

Katika kundi hili tumtaje pia Conjestina Achieng, mwanandondi aliyeifanya nchi nzima kutazama ndondi za wanawake katika miaka ya 2000. Maradhi yaliyomwandama baadaye yamekuwa habari ya magazeti na runinga mara kwa mara, kila mara kwa muundo uleule: picha ya ukiwa, mfadhili anayejitokeza, ahadi ya marejeo, kisha kimya hadi picha nyingine. Vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kuitengeneza filamu ya marejeo kabla ya waongozaji, na waliitengeneza bila kumuuliza mhusika kama anataka kuigiza.

Hapa tunakumbuka pia kwamba bara hili liliwahi kuandaa marejeo makubwa kuliko yote. Muhammad Ali, aliyenyang'anywa taji mwaka 1967, alilirudisha kwa kumwangusha George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Filamu ya hali halisi When We Were Kings ilitoka mwaka 1996. Gharama zilibebwa na serikali ya Mobutu. Afrika ilitoa mandhari, umati na fedha. Mhusika mkuu alitoka ng'ambo, na kilichorejeshwa kilikwenda naye.

6.0 Ukumbi wa Mtaa

Tofauti kubwa kati ya Philadelphia ya Rocky na Eastlands ni mahali pa mazoezi. Jimu ya Marekani katika filamu hizi ni mali ya mtu, na bondia huingia kwa kukubaliwa na mwenye mali. Ukumbi wa jamii wa Eastlands ulijengwa kama sehemu ya mtaa wa nyumba za baraza la jiji au za shirika la reli. Mchana unaweza kuwa na mkutano wa wazazi, Jumamosi harusi, Jumapili ibada, na jioni ndondi. Gunia la mazoezi hutundikwa na kutunduliwa. Bondia hana mahali pake peke yake. Anagawana nafasi na maisha ya jirani zake yote.

Aidha, kwa miongo mingi bondia aliyefaulu hakuwa akitoka ukumbini kwenda kwa promota. Alikwenda katika timu za Majeshi, Polisi, Magereza au za mashirika, akapata mshahara na nyumba. Alichokuwa akiahidiwa ni ajira. Ajira hizo zilipopungua katika miaka ya 1990, chini ya mipango ya kurekebisha uchumi, ngazi iliondolewa huku mabango ya ushindi yakibaki ukutani. Kuchuja kwa bondia wa Eastlands kuna tarehe na kuna sera.

Na anaporudi, anarudi wapi? Mara nyingi anarudi ukumbini uleule, akiwa mkufunzi asiyelipwa au anayelipwa kidogo, akiwafunga watoto glavu. Katika Rocky mtu huyu yupo: ni mzee Mickey, aliyechuja zamani, ambaye kazi yake katika msuko ni kumtumikia mhusika mkuu. Huston alimkaribia kupitia Ruben, lakini akamfanya mfanyabiashara. Tunadai kwamba katika drama ya Eastlands mtu huyu ndiye mhusika mkuu. Marejeo yake hayahitaji pambano la mwisho. Yanahitaji afike kesho jioni, na ufunguo wa ukumbi upatikane.

Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Kitenzi kutunza kina maana mbili hapa: kumtuza mchezaji zawadi mbele ya watu, na kumhifadhi. Filamu ya marejeo hujua tuzo tu. Historia tuliyoieleza ni ya wachezaji waliotuzwa bila kutunzwa, na hiyo ndiyo mada ambayo lugha yetu inaweza kuitaja kwa neno moja.

7.0 Pingamizi na Hitimisho

Huenda msomaji akasema kwamba tunaupamba ukumbi. Ni kweli kwamba kumbi nyingi zimechakaa, na kwamba sehemu ya Muthurwa ya reli imekuwa soko na kituo cha magari. Ni kweli pia kwamba watoto wanaojizoeza humo wanamtaka Rocky wala hawamtaki Mickey. Lakini hoja yetu haitegemei uzuri wa ukumbi. Inategemea ukweli kwamba ukumbi ni asasi, kwamba asasi hujengwa na hubomolewa na watu wanaoweza kutajwa, na kwamba drama inaweza kuwauliza. Boxgirls ya Kariobangi, na kushiriki kwa Elizabeth Andiego katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kama mwanandondi mwanamke wa kwanza wa Kenya huko, ni ushahidi kwamba ukumbi ungali unazaa hata pale ulipopuuzwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba bila pambano la mwisho hakuna taharuki, na bila taharuki hakuna filamu. Fat City inalijibu. Pambano lake si la mwisho katika hadithi, na tunachokumbuka ni mtu aliyeshinda asijue. Taharuki inaweza kukaa katika swali jingine: je, mkufunzi amruhusu kijana wake apigane leo, au awe yeye mwamuzi, amsimamishe, na kuchukiwa? Swali hilo lina uzito wa Wangila ndani yake, na linaweza kuigizwa katika chumba kimoja cha Kaloleni kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa waandishi wa miswada, na kwa wanafunzi wetu watakaoihakiki, kanuni tatu. Kwanza, sababu za kuchuja zitafutwe nje ya tabia ya mhusika kabla ya kutafutwa ndani yake. Pili, anayesimamisha pambano asifanywe adui bila hoja. Tatu, kurudi kupimwe kwa kile mhusika anachokikuta na anachokiacha kwa wengine, wala si kwa mkono unaoinuliwa na mwamuzi. Filamu itakayotimiza hayo haitafanana sana na zile tulizozizoea, na inawezekana ikakosa kelele za ukumbi wa video. Itakuwa, hata hivyo, imewatendea haki watu waliotupa sababu ya kuisubiri.